Kimeng'enya na Ng'ombe wa Mama

Likizo ile nilirudi kijijini kwetu Kinyangiri na fotokopi moja iliyofifia, picha ya kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona kwa macho. Mhadhiri wetu wa biokemia aliitoa kwenye jarida alilotumiwa na rafiki yake wa ng'ambo. Ukiitazama haraka ungedhani ni utepe uliokunjwakunjwa na mtoto, ila katikati ya mikunjo kulikuwa na mfereji. Kilikuwa kimeng'enya, protini yenye kazi maalumu, cha bakteria anayeishi tumboni mwa ng'ombe. Kazi yake ni kukata minyororo mirefu ya sukari iliyomo ndani ya majani makavu, sukari ambayo tumbo la binadamu haliiwezi. Mnyororo unalala ndani ya mfereji, unabanwa pande mbili, unakatika.

Nilimwuliza mhadhiri wataalamu walijuaje umbo lake, kama hakuna aliyekiona. Alieleza kwamba waliichuja ile protini mpaka ikawa safi, wakaiacha kwenye tone la maji ya chumvi. Tone likapungua polepole kwa wiki kadhaa, mpaka zikajitokeza fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi. Wakapitisha eksirei ndani ya fuwele, miale ikatawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Kutokana na madoa hayo wakapiga hesabu mpaka umbo likapatikana. Nikasema ndani ya fuwele protini zimepangwa kama askari kwenye gwaride, lakini tumboni mwa ng'ombe hakuna gwaride. Tunajuaje kwamba huko nako zina umbo hilihili?

"Hatujui," alisema. "Tunajua zilivyo zikiwa zimetulia. Mengine tunakisia."

Jibu hilo lilinifurahisha kuliko mihadhara yake yote. Nilikuwa na umri ule ambao mtu akikiri hajui, unamwamini kwa mengine yote.

Nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Iguguno, mji mdogo wa jirani ambako zamani duka la ushirika lilikuwa na sabuni wiki moja na wiki tatu halina, sasa kulikuwa na maduka ya watu binafsi, mashine ya kukamua alizeti, na mashine ya kusaga na kukoboa iliyonguruma tangu asubuhi. Upande wa pili, bwana mifugo wa serikali aliyekuwa akipita na baiskeli yake hakupita tena, na josho lilikuwa limekauka na kuota magugu. Dawa sasa ulikwenda kuzitafuta mwenyewe.

Mama alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja, mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, aliyekuwa na ndama wa wiki tatu. Wengine walikwisha mwaka wa ukame, baba akiwa bado hai. Maziwa ya huyo mmoja ndiyo wadogo zangu walinywa na uji, na ndama wake, jike, ndiye aliyekuwa matumaini ya mama ya kuwa na zizi tena.

Ulikuwa mwezi wa tisa, nyasi zimebaki mabua. Nilimtazama yule ng'ombe akitafuna mabua yale nikamhurumia kisomi. Nikamwonyesha mama fotokopi yangu, nikamweleza kazi ngumu iliyomo katika kukata sukari ya majani makavu. Nikasema, kwa nini tumsumbue? Kwenye mashine ya kukoboa kulikuwa na chenga za mahindi. Wanga nao ni sukari, tena wa kukatika upesi. Tukimpa chenga atapata nguvu bila jasho, na maziwa yataongezeka.

Mama aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake kama kuna maelezo zaidi. "Aliyechora hiki alikuwa na ng'ombe?" aliuliza.

Nikacheka. Siku ya pili nilitoka Iguguno na nusu debe la chenga nyuma ya baiskeli, nikammwagia ng'ombe lote. Alikula mpaka akalamba debe. Mama alisimama mlangoni akitazama, akaniachia, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Asubuhi iliyofuata ng'ombe hakusimama. Tumbo lilikuwa limejaa na kutulia kama gunia la mchanga, kinyesi chepesi chenye harufu ya uchachu, macho yameingia ndani. Mama alipojaribu kumkamua yalitoka matone ya kulowesha kiganja tu. Ndama alilia. Nilipanda baiskeli mpaka Iguguno, kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa mkweli: alikuwa na dawa ya minyoo na ya kupe, ya ng'ombe aliyekula kupita kiasi hakuwa nayo. Nilirudi mikono mitupu. Mama alikuwa amekaa chini karibu na kichwa cha ng'ombe, akimfukuzia inzi kwa khanga. 

Mjomba alifika mchana. Huyu ni kaka wa mama, mtu wa utani na pombe ya mtama, ambaye katika ukoo wetu haombwi ushauri isipokuwa wa ngoma.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hebu nieleze, huko chuoni mnafundishwa kulisha ng'ombe ugali?"

 Mjomba alibonyeza ubavu wa kushoto wa ng'ombe kwa ngumi, akaweka sikio, akasubiri. Kisha akaongea na mama kwa Kinyiramba, haraka haraka, na mama akaenda kukoroga magadi kwenye maji. Walimnywesha kwa chupa. Baada ya hapo mjomba akaniambia tumbo la ng'ombe limelala, hana kitu cha kucheua, kwa hiyo itabidi tumwazimie kwa mwenzake.

Sikuelewa mpaka alipomleta maksai wake mzee. Alimwacha alale chini ya kivuli mpaka akaanza kucheua. Ndipo akamshika taya kwa mkono mmoja, akaingiza mwingine mdomoni na kutoa tonge la majani, la kijani, linalotoa mvuke na mate. Akamsokomezea ng'ombe wetu nyuma ya ulimi, akamfumba mdomo mpaka alipomeza.

Nikauliza: je, maksai akiwa na ugonjwa?

"Kwani huyu wako ana afya gani ya kuogopa kuipoteza?" alisema mjomba, mkono tayari mdomoni mwa maksai kutafuta tonge la pili.

Nilipomwona akirudia mara ya tatu ndipo nilipoona nilichokuwa nimefanya. Sukari nyepesi niliyoileta ililiwa na bakteria wengine, wanaozaliana upesi na kutoa asidi. Asidi ikawaua wale wa taratibu, wakataji wa majani. Umbo la kimeng'enya kwenye karatasi yangu lilikuwa sahihi kabisa, mfereji wake na kila kitu. Wenye kukitengeneza ndio waliokuwa wamekufa. Na mjomba alikuwa anawarudisha kwa kiganja. Tonge la nne nililitoa mimi. Mdomo wa maksai ni wa moto, na ulimi wake unakwaruza kama msasa.

Tulifanya hivyo siku mbili, asubuhi na jioni, na magadi, na nyasi kavu tu mbele yake. Siku ya tatu saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa zizini nilipoona kitu kikipanda kooni mwake kama panya chini ya ngozi. Taya likaanza kwenda, kushoto, kulia. Nikahesabu mpaka arobaini na nane, akameza, tonge lingine likapanda. Nilimwita mama. Alikuja na unga mikononi, akasimama, akahesabu naye kimoyomoyo; niliona midomo yake.

Jioni nilianza tena maswali. Kilichomponya ni kipi: magadi, matonge, au ni kukaa siku mbili bila chenga? Ng'ombe mmoja si ushahidi. Ingefaa kulinganisha na mwingine asiyepewa matonge.

"Huyu si daftari lako," mama alisema, na mjomba akacheka mpaka akakohoa.

Lakini mama hakuishia hapo. Alisema wanawake wengine nao wameanza kubeba chenga kutoka mashineni, kwa kuwa walimwona msomi akibeba. Akanituma niende nikawaambie nilivyokosea, niseme ni mimi. Nilikwenda. Kwenye foleni ya kukoboa nilieleza bila fotokopi, na mmoja akauliza sasa kiasi gani kinafaa. Nikasema sijui. Tukakubaliana kila mmoja aanze na kiganja kimoja, baada ya nyasi, na aseme alichokiona.

Wiki moja kabla sijarudi chuoni, maziwa yalikuwa yamefika nusu ya kibuyu na ndama ameanza kurukaruka. Asubuhi moja mama alichota chenga kiganja kimoja, akazitia kwenye bakuli, akanikabidhi.

"Anza na nyasi," alisema, akachukua jembe akaenda shambani bila kugeuka kunitazama.