Nilivyoyapeleka Maji ya Lambo Dar es Salaam

Nilikwenda Dar es Salaam na chupa moja ya maji na kesi ya mtu. Lambo la kijiji chetu cha Ugogoni lilikuwa limegeuka kijani kama mlango uliopakwa rangi. Samaki walielea, kisha ng'ombe saba wakanywa na kufa palepale ukingoni. Wengi walimnyooshea kidole Mzee Chilewa, aliyehamia kijijini kwa shingo upande. Ng'ombe wake, ambao aliwanywesha kwenye kisima chake cha mchangani, walikuwa wazima. Mkutano ukaamua maji yapimwe mjini. Yakikutwa na sumu, mzee afukuzwe. Nilichaguliwa mimi, bwana stoo, kwa sababu najua kusoma na kwa sababu ndimi niliyepiga kelele kuliko wote.

Jumatatu mchana nilipanda treni Dodoma. Behewa la daraja la tatu lilijaa, nikaipakata chupa njia nzima. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya nyanya aliniuliza kama ile ni dawa. Nilipomwambia ni maji ya kunywa, aliisogeza ndoo yake mbali kidogo.

Jumanne asubuhi niliteremka Dar es Salaam na kutembea hadi Kariakoo, nikipita foleni ya sabuni iliyozunguka duka la ushirika. Mwenyeji wangu, Ndugu Mushi, mtu wa Kilimanjaro, aliuza magunia matupu karibu na mtaa wa Msimbazi. Kijiji chetu kilikuwa mteja wake.

"Karibu, bwana stoo! Umeleta oda?"

"Nimeleta maji."

"Sisi tuna bahari nzima, wewe unatuletea chupa?" Alicheka mpaka akashika meza. Nilipomweleza habari za Mzee Chilewa, aliacha kucheka na kufunga duka anisindikize maabara.

Saa nne tulipitia kwanza bonde la Msimbazi, kwa kuwa alitaka kuona magunia yake yaliyokuwa yakioshwa. Yalikuwa ya mbolea. Yakishaoshwa huuzwa tena kwa kubebea mahindi, maana miaka hiyo hakuna aliyetupa gunia. Sikushangaa, kwani hata sisi tuliyaosha. Nilichoshangaa ni maji. Waoshaji walikuwa wamesimama kwenye kidimbwi kilichojitenga na mto, na kidimbwi kilikuwa na utando wa kijani uleule niliokuwa nao kwenye chupa.

"Mama, maji haya yalikuwa hivi siku zote?" nilimwuliza mwoshaji mmoja.

"Wapi! Tulikuwa tunavua kambale hapa. Yameharibika tangu magunia yaanze kuja. Sasa hata bata haingii."

Njia nzima baada ya hapo Ndugu Mushi alizungumza, nami niliitazama chupa tu.

Saa sita tulifika maabara. Mtaalamu alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Aliniamkia, "Shikamoo, baba," kisha akaweka tone la maji kwenye hadubini na kuniita nichungulie. Niliona nyuzi za kijani zimesongamana.

"Huu ni mwani," alisema. "Ukipata mbolea, jua na maji yaliyotulia, unafumuka kwa siku chache. Unaziba mwanga. Ukifa unaoza, na kuoza kwake kunamaliza hewa majini, samaki wanakufa. Na mwani wa aina hii una sumu inayoua mifugo."

"Kwa hiyo sumu ipo?"

"Ipo, lakini hakuna mtu aliyeitia. Mbolea inaingiaje lamboni kwenu?"

Nilimwambia kwamba kila baada ya kupanda tunaosha humo magunia, na yale yenye mbolea iliyoganda tunayakung'utia majini.

"Wazo la nani?"

"La kijiji," nilijibu. Nilidanganya. Lilikuwa langu, na mwenyekiti alinisifu kwalo mbele ya watu wote.

Nikamwambia tumeshaagiza watu wachemshe maji. Alitikisa kichwa haraka. "Kuchemsha hakuondoi sumu hii, baba. Wasiyanywe kabisa."

Nilikuwa nimepanga kukaa hadi Ijumaa niione bahari. Sikuiona. Nilirudi kwa treni ya siku hiyohiyo, na njiani niliwahesabu watoto wa jirani zangu mmoja mmoja.

Jumatano nilikuta mkutano umeshaitishwa. Mzee Chilewa alikaa pembeni, vyungu vyake vimefungwa kamba tayari. Niliwaambia kwanza wasinywe maji ya lambo, hata yaliyochemshwa. Kisha mwenyekiti akauliza, "Ni nani aliyetia sumu?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. "Ni mimi," nilisema. "Ni magunia niliyowaagiza muoshe." Nikaeleza yote.

Mzee Chilewa aliinama, akaanza kufungua kamba za vyungu vyake taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Kesho leteni ng'ombe kwenye kisima changu," alisema. "Nawe, bwana stoo, njoo na jembe. Kisima ni kidogo, tutakipanua pamoja. Magunia yako yaache nyumbani."