Wimbo wa Kuwinga Ndege

Mtoto wa mama yangu mdogo alisoma shule ya kimataifa Arusha. Mimi nilikuwa kidato cha pili, sekondari ya kata huku kwetu Mabamba. Tumepishana miezi miwili tu, na mkubwa ni mimi. Baba yake alikuwa na duka la vitenge Kasulu mjini, baba yangu alikuwa na jembe. Nasema mapema ili mtu asinitafutie sababu nyingine: nilikuwa na kijiba cha roho, basi.

Pasaka ya mwaka 2013 alikuja kwetu na begi la magurudumu, akaliburuta kwenye tope mpaka magurudumu yakagoma. Jioni akakaa jikoni akitusimulia. Jumatatu kuogelea, Jumanne kinanda, Jumatano maigizo. Alhamisi wanapanda farasi, na farasi ana siku yake ya kuzaliwa, wanamkatia keki. Mdogo wangu akauliza kama farasi mwenyewe anaila. Mimi niliendelea kumenya muhogo. Shuleni kwetu baada ya masomo tulikuwa na shughuli mbili, kufyeka na kubeba matofali ya maabara. Aliyechelewa kuhesabiwa namba asubuhi aliongezewa ya tatu, kumchotea mwalimu maji.

"Dada, muhula ujao tuna Siku ya Mataifa," akaniambia. "Kila mtu anaonyesha kitu cha kwao, mbele ya wazazi wote na mabalozi. Mimi sijui kitu chochote. Nifundishe wimbo."

Alikuwa amekulia dukani, Kiha, lugha yetu, alikisikia kwa kupita tu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho yeye hana. Nyimbo za kumpokea bibi harusi nazijua zote, tena vizuri. Nikamfundisha wa kuwinga ndege.

Huo tunauimba shambani mtama unapoanza kukomaa, tunagonga debe kuanzia alfajiri ndege wasitue. Maneno yake ni matusi matupu: ondoka mlafi, shingo uzi, tumbo pipa, nenda kale kwa jirani, kwake bado wamelala. Nikamwambia ni wimbo wa kukaribisha wageni waheshimiwa. Nikamwonyesha hata pa kuinama. Alijifunza siku tatu kwa bidii mpaka nikataka kumhurumia, halafu akanionyesha picha ya bwawa lao la kuogelea, huruma ikaniisha.

Mwezi mzima wa Mei nilibeba matofali nikicheka peke yangu. Akilini nilimwona akiwainamia mabalozi na kuwaambia matumbo yao ni mapipa. Sijawahi kubeba matofali kwa raha kama ile.

Likizo ya Julai akarudi na kikombe cha ushindi, na video kwenye simu. Tukajaa sebuleni, bibi yetu mbele kabisa. Mimi nilikaa karibu na mlango, kicheko nimekiweka tayari.

Kwenye video aliingia jukwaani na debe. Akazungumza Kiingereza, na kwa bahati mbaya nilikielewa chote: "Wimbo huu ni wa kufukuza ndege shambani. Una matusi, mtusamehe. Nimefundishwa na dada yangu, anayewafukuza kila mwaka." Ukumbi ukacheka. Akaimba, akagonga, akaweka na mizunguko ya kiuno aliyoitoa huko kwenye maigizo, mwishoni akaivuta sauti polepole, kitu ambacho sisi hatufanyi. Wazungu wakasimama wakagonga viti.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Ego, ndiyo hivyo, mwanangu! Si nilikwambia, waambie ukweli tu, wataupenda!"

Kumbe Pasaka ile, asubuhi ya kuondoka, mgeni wetu alimwimbia bibi nyuma ya jiko, mimi nikiwa kisimani. Alipanda basi akijua kila neno, akijua na nilichomfanyia. Nikamtazama, nikingoja anisute mbele ya watu. Akanipa kikombe nikishike. "Asante, dada," akasema. Heri angenipiga kofi. Kikombe chenyewe kilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, chepesi kabisa, na bado nilikitaka.

Wiki haikuisha, video ilikuwa imerushwa kwa bluetooth mpaka senta, kule madukani.

Msimu uliofuata, mtama ulipoanza kukomaa, nilikuwa shambani na debe langu. Watoto wa shamba la jirani walikuwa wakiimba, na mwishoni wakaivuta sauti polepole.

"Hauimbwi hivyo!" nikawapigia kelele.

"Ndivyo unavyoimbwa," kabinti kamoja kakanijibu. "Hata kwenye simu upo."

Ndege wakatua upande wangu. Nikagonga debe, nikaanza kuuimba kwa hasira, kama nilivyofundishwa na bibi, ili wasikie unavyoimbwa. Nilifika katikati ndipo nikaona watoto wananicheka. Kiuno changu kilikuwa kinazunguka.