Sigara za Kaka Masalu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nachoka upya. Imenirudia juzi niliposikia ukibishana na wenzako kwamba mvuta sigara akiugua ajilipie matibabu mwenyewe. Ulisema kwa sauti kubwa. Hata mimi niliwahi kusema hivyo kwa sauti kubwa, ndiyo maana nimekuita.

Miaka ile ya tisini biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anauza chochote. Mimi nilikuwa na kibanda mjini, mtaa wa Mabatini: sabuni, chumvi, mafuta ya taa ya kupima, na sigara za mojamoja. Sigara ndizo zilizonilisha, nisikudanganye. Kaka yangu Masalu alikuwa fundi baiskeli hapohapo jirani, na kila asubuhi kabla hajashika spana alipitia kwangu. Akiwa hana hela nilimkopesha, kwa sababu kaka yangu alikuwa mwaminifu.

Kikohozi kilianza kidogokidogo, tukakidharau. Akakonda. Akawa akipanda mlima kwenda kwake anapumzika mara tatu. Hospitali wakasema alazwe. Zamani angelazwa bure, lakini wakati huo ilishakuja amri ya wagonjwa kuchangia, na fundi baiskeli atachangia nini? Ikabidi tuvuke ziwa kwenda nyumbani Sengerema, ukoo ukae kikao, ng'ombe auzwe.

Tulikaa uani, Masalu mwenyewe yupo, amejifunika shuka na jua linawaka. Wakaulizana nani atoe ng'ombe, nani aongezee. Ilipofika zamu yangu, sijui shetani gani alinipanda. Nilikuwa na akiba kidogo ya kupanulia kibanda, roho ikaniuma. Nikasema, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi sijavuta hata moja. Aliyevuta alipe."

Shangazi Milembe, dada yake baba, hakuwa mtu wa maneno mengi. Akanitazama. "Minza, hizo sigara alikuwa ananunua wapi?"

Akaendelea mwenyewe:

"Faida umekula wewe, ugonjwa ndio unamwachia peke yake? Mchuma janga hula na wa kwao. Na nyie mlichuma pamoja."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini si maneno ya shangazi yaliyoniumiza zaidi, ni ya Masalu. "Mwache, shangazi. Mdogo wangu kasema kweli. Ng'ombe wa watoto asiuzwe kwa ajili ya moshi wangu." Akainuka kwa shida, akaingia ndani.

Tulimbembeleza. Nilipiga magoti, nikamwekea akiba yangu yote juu ya mkeka wake. Akawa anasema nitakwenda kesho, nitakwenda Jumatatu, hapa kifua kimetulia. Haikuwa nafuu, ilikuwa aibu. Siku tuliyomvusha kwa kivuko pale Kamanga kumrudisha hospitali, alikuwa hawezi hata kukaa. Daktari akatuuliza tu, "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Wiki haikuisha, tukamzika.

Na sigara niliendelea kuuza, mwanangu. Ndiyo. Miezi mingi tu, maana watoto wake nao walitaka kula. Hilo sijalipatia jibu mpaka leo, na umri umekwenda.

Basi nisikilize. Sisemi mvutaji hana kosa. Analo, na ukimpenda mwambie angali mzima, mwambie mpaka akuchoke. Mimi sikumwambia kaka yangu hata mara moja, nilimpa kiberiti. Mkitaka achangie zaidi, haya, bishaneni, nyie ndio mmesoma. Ila anzeni na sisi tuliouza, kutoka kiwandani mpaka kibandani, kisha ndiyo mje kwake. Lakini mtu akishalala anatafuta pumzi, usimsomee makosa yake. Mtibu kwanza. Ulimi hauna mfupa, lakini mgonjwa anaweza kuyaamini maneno yako, na aliyekwisha kuamini kwamba hastahili kupona, dawa yake hakuna duka linaloiuza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe pumzi nyepesi mpaka uzeeni, na siku utakayokaa karibu na mgonjwa akujalie mkono mwepesi na ulimi mzito.