Siku Mama Alipopimwa Kutembea

Asubuhi ile Mama alipoinuka kwenye kiti cha jikoni, nyonga yake mpya ililia. Mlio mmoja mkavu, kama mtu aliyevunja kijiti nyuma ya mlango. Nilikuwa karibu na jiko nikimimina uji, na bado niliusikia. Mama alisimama palepale ameshika meza, macho chini.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Hapana. Ni kiti."

Kiti chetu cha plastiki hakijawahi kulia hivyo.

Alikuwa akikaa kwangu, mtaa wa Tena, tangu atoke wodini, kwa sababu nyumba yangu haina ngazi hata moja. Kwake ni Shauri Moyo, nyumba ambayo yeye na marehemu baba, aliyekuwa dereva, waliingia kabla sijazaliwa. Huko ndiko alikotaka kurudi. Nyonga yake ya kushoto ilisagika kwa miaka hadi safari ya sokoni Gikomba, ambayo zamani aliifanya kwa miguu na mzigo kichwani, ikawa ya kuegemea kila ukuta. Ndipo daktari akautoa mfupa uliochakaa na kuweka chuma. Siku hiyo tulikuwa tunarudi kliniki ili fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amtazame akitembea na kuamua kama ataweza kuachana na fremu ya kutembelea na kuishi peke yake.

Siku alipotoka wodini, wauguzi walikuwa wametuonya: asiiname, asikalie kiti kifupi, asipishanishe miguu. Na mkisikia mlio, nyonga ikakataa kubeba uzito au mguu ukaonekana mfupi, njooni mara moja. Maneno hayo nilikuwa nikilala nayo na kuamka nayo. Nilipopiga magoti kumvalisha viatu nikaviweka visigino vyake pamoja, nione kama vinalingana.

"Unapima nini?"

"Nakuvalisha viatu."

"Mwaitu," akaniita. Kwetu Ukambani hilo ni neno la kumwitia mama, naye huniita hivyo kwa sababu nina jina la mamake, hasa anapotaka nikubali jambo. "Mambo ya kiti usiyapeleke hospitali."

Nikamalizia viatu. Visigino vililingana, au nilidhani vimelingana. Nje ya geti, kijana wa bodaboda alimpigia kelele, "Sasa mathe! Leo umewaka!" Mama akacheka, akainyanyua fremu kidogo kumsalimia. Mimi nilikuwa nikiutazama mguu.

Kliniki ina ukumbi mrefu wenye utepe wa njano sakafuni. Fizio, mwanamke wa makamo aliyevaa raba nyeupe, alimketisha Mama kwenye kiti, akashika saa.

"Nikisema twende, Mama, inuka, tembea mpaka kwenye utepe, geuka, urudi uketi. Usinifurahishe mimi. Tembea vile unavyotembea nyumbani."

Mama alitembea kama anayepeleka sadaka mbele ya kanisa zima. Mgongo wima, kidevu juu. Akageuka kwa hatua fupifupi alivyofundishwa, akarudi, akaketi taratibu. Fizio akaiondoa fremu, akampa mkongojo, akamtaka arudie. Akarudia. Wakaenda kwenye ngazi za mazoezi: kupanda mguu mzima utangulie, kushuka utangulie ule uliopasuliwa. Hakukosea. Nilianza kufikiri kwamba labda kweli ni kiti.

"Sasa shika chuma hiki cha ukutani, usimame kwa mguu wa kushoto peke yake."

Mama akauinua mguu wa kulia. Papo hapo kiuno chake kikashuka upande wa kulia, na bega likayumba kushoto kukiokoa. Fizio alimtaka arudie. Kikashuka tena.

"Tangu tuonane umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Maumivu ya ghafla? Mlio wowote?"

"Hakuna."

Fizio akanigeukia mimi. Mama alikuwa akiutazama ukuta, vidole vimeng'ang'ania chuma.

"Asubuhi alipoinuka, nyonga ililia," nikasema.

Fizio hakushtuka. Alimlaza kitandani, akausogeza mguu polepole, akalinganisha vifundo. "Sioni dalili mbaya, lakini sitaki kubahatisha. Nendeni mkapigwe eksirei."

Picha ilipigwa, tukaambiwa tungoje daktari. Tuliketi kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguka nilidhani tunaitwa sisi. Niliwaza kitanda cha magurudumu, niliwaza nitawaambiaje ndugu zangu. Kisha Mama akasema, bila kunitazama:

"Dada yangu alipasuliwa mara mbili. Ya kwanza alitoka akiimba. Ya pili tulipewa nguo zake kwenye mfuko."

Mimi nilikuwa nimekua nikijua kwamba mama mkubwa alikufa kwa presha.

"Kuchechemea siogopi," akaendelea. "Naogopa ule mlango wa thieta."

"Wakisema uingie, tutaingia wote mpaka wanizuie."

"Watakuzuia mapema," akasema, na mkono wake akauacha ndani ya wangu.

Daktari alituonyesha picha. Chuma kiling'aa cheupe katikati ya mifupa yake, na kilikuwa kimekaa vizuri mahali pake. Mlio, alivyoona yeye, ulikuwa wa mshipa uliokaza, unaoruka juu ya mfupa mtu anapoinuka. Tatizo lilikuwa misuli ya ubavu wa nyonga. Ililegea miaka ile ya maumivu na bado haijapata nguvu ya kushikilia kiuno. Mkongojo ndio, kuishi peke yake bado.

"Kwa hiyo nimefeli," Mama akamwambia fizio.

"Nitakupima tena, Mama. Shauri Moyo haihami."

Alikasirika siku mbili tatu, kisha akaanza mazoezi: ameshika nondo za dirisha, akiutoa mguu kando na kuurudisha, huku akiimba nyimbo za kanisani za Kikamba. Kliniki iliyofuata aliposimama kwa mguu mmoja, kiuno hakikushuka. Kabla ya mvua kuanza tulirudisha godoro lake Shauri Moyo.

Mimi huenda kumwona huko kila Jumamosi. Juzi tulitoka pamoja kununua mboga, mimi nyuma yake, macho yangu kiunoni mwake.

"Pita mbele," akasema. "Mgongo unaniwasha kwa hayo macho."

Nikapita. Nilijizuia kugeuka hadi kibanda cha kwanza, pale nikashindwa. Alikuwa amesimama mbali nyuma yangu, ameegemea ukuta, na moyo ukanilipuka. Kisha nikamwona jirani aliyekuwa akiongea naye, na Mama anacheka.