Mwiko wa Zephaniah

Zephaniah Amugune hakuwahi kuosha hata kikombe katika nyumba yao ya ughaibuni, Edmonton, kwa hiyo Zipporah alipomkuta mumewe nje ya mlango wa jikoni akichonga mwiko, alijua pana jambo.

Gogo alilipata bure. Watu wa council, halmashauri ya mji, walikuwa wamekata birch mbele ya nyumba, ule mti wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi.

"Wazungu wa zamani walichongea vijiko mti huu, hauachi ladha kwenye chakula," alisema. "Vitawi vyake walifungia mifagio, na kuchapia watoto wa shule. Huo mwiko wako wa plastiki unapinda, Mama Harrison."

Kupinda ulipinda kweli. Lakini tangu lini mtu huyu akaona kinachopinda jikoni? Macho yake yote yalikuwa mji wa Luton, kwa mwanamke aliyemwita "dada wa kwaya". Zipporah alimchukia mumewe, tena waziwazi. Aliendelea kukaa naye kwa sababu moja tu: nyumba ya mawe kule kwao Maragoli, aliyoijenga kwa kugeuza wazee wa Kiingereza vitandani, shift juu ya shift. Nyumba jasho lake, shamba la ukoo wa mume. Nao wazee wa ukoo walishasema: Zephaniah hawezi kumtoa mle mke asiye na kosa.

Mwiko ukakamilika, mpana, laini, mzuri kupita mchongaji wake. Jumapili Zipporah akausongea ugali. Zephaniah akaja kusimama ubavuni pake.

"Unasonga kama mama yako," alisema. "Watu walienda matanga yake kuhakikisha tu kwamba amekufa."

Zipporah akaunyanyua mwiko, ugali wa moto ukimdondokea mkononi. Zephaniah hakukwepa. Alikisogeza kichwa karibu na mwiko.

Hapo ndipo Zipporah alipoiona simu ya mumewe, imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai, inarekodi. Kwao, mke akimpiga mume kwa mwiko ameua ndoa. Hakuna mzee atakayemsikiliza, na nyumba haikanyagi tena. Mshenzi huyu alikuwa amemchongea kosa, akalipiga msasa.

Akaushusha mwiko. Akaigeukia simu.

"Wazee wangu, shikamooni. Mwauona mwiko huu? Baba Harrison kauchonga mwenyewe. Niambieni ni mume gani wa Kimaragoli mliyewahi kumwona akichonga mwiko."

Zephaniah akaanza kuinyakua simu. Zipporah hakumjali. Aliupakua ugali, akauosha mwiko kwa maji ya moto, akautundika ukutani mahali pake.

Kuhusu kandambili, mila ya kwao haina neno. Akaivua ya mguu wa kulia.