Visanduku Sita Vilivyobaki Majumbani

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko Tukuyu, kwenye barabara inayoteremka kuelekea sokoni, na kazi inayonilisha ni vitanda, meza na milango. Ala za muziki nilianza kutengeneza kwa sababu ya kwaya ya akina mama wa kanisa letu, ambamo nami, mwanamke mwenzao, ni mwimbaji.

Mpiga kinanda wetu alipohamia Mbeya tulibaki tukiimba bila ala. Mwalimu wa kwaya akaleta gitaa, akajaribu kutufundisha. Wengi wetu ni watu wa jembe, na wengine wamechuma chai tangu usichana. Vidole vina nguvu lakini havitanuki, na ncha zake zimekufa ganzi. Baada ya majuma matatu hakuna aliyeweza kubana nyuzi tatu kwa pamoja bila gitaa kukoroma. Mama mmoja mjane kutoka Mpuguso alilirudisha mezani akasema, "Hiki kitu kilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiofanya kazi." Tulicheka, lakini neno lile nilikwenda nalo karakana.

Nilitaka ala ambayo mtu asiyejua chochote ataiweka mapajani na kupata wimbo siku hiyo hiyo. Nikaondoa shingo, maana shingo ya gitaa ndiyo iliyotushinda. Nikatengeneza kisanduku bapa cha mbao ya paini, ukubwa wa sinia, nikatandaza nyuzi kumi na mbili juu yake, kila mmoja umezungushwa kwenye msumari unaokazwa kwa ufunguo. Nyuzi nilizipata kwa kufumua waya za klachi za pikipiki. Fundi pikipiki jirani yangu alinitunzia zilizochakaa. Juu ya nyuzi nikaweka fito tatu, mmoja mwekundu, mmoja wa njano, mmoja wa bluu, na chini ya kila ufito nikagundisha vipande vya kandambili. Ukibonyeza ufito, raba inazinyamazisha nyuzi zisizotakiwa na kuziacha zinazopatana. Mkono mmoja unabonyeza rangi, mwingine unapitisha kipande cha plastiki. Basi. Mwalimu wa kwaya akaanza kuweka alama za rangi juu ya maneno ya nyimbo katika madaftari yetu.

Kisanduku cha kwanza kilikaa kanisani. Vingine sita akina mama walichukua nyumbani: viwili Suma, vitatu Mpuguso, kimoja Kisiba. Nilijisikia mtu mkubwa. Watu walinisimamisha njiani kuniuliza kilicho ndani, kana kwamba kulikuwa na kitu ndani zaidi ya hewa.

Jumamosi moja ya masika tulikuwa kwenye mazoezi. Mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi yake. Mwalimu wa kwaya akasema sauti ya kisanduku imelala mno, haifiki nyuma, akaniomba nizipandishe nyuzi sauti mbili. Nikatoa ufunguo wangu na kuanza kukaza. Nilipofika uzi wa tisa nilisikia chuma kikilia, mlio mwembamba, mfupi. Nilisita. Nilijua maana yake, kwa sababu msumari pia hulia hivyo kabla haujakatika. Lakini watu walikuwa wamesimama wananingoja, nikamaliza kukaza, nikampa kisanduku yule mama mjane kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Aliinama sana. Macho yake hayakuwa mazuri kwa vitu vya karibu, alitaka kuona vizuri ufito upi ni wa bluu. Alipiga mara mbili. Mara ya tatu kulitokea mlio kama wa fimbo, na yeye akanyoosha mgongo taratibu, akaweka kiganja juu ya jicho la kushoto.

"Kuna kitu kimeniingia," alisema.

Hakupiga kelele. Damu ilikuwa kidogo, mstari mmoja tu kando ya pua. Alipotoa kiganja nilitazama mara moja, kisha nikatazama sakafu.

Hospitalini Tukuyu mganga aliniuliza amepigwa na nini. Nikamwambia ni uzi wa ala ya muziki.

"Ala gani hiyo?"

"Nimeitengeneza mimi."

Aliandika, hakuuliza tena. Baada ya muda akatuambia jicho linahitaji daktari bingwa, apelekwe Mbeya siku hiyo hiyo. Binti yake mkubwa alipanda naye gari. Nilitaka kupanda, binti akasema nafasi hakuna, ingawa ilikuwepo. Nikabaki kwenye benchi la nje chini ya bati.

Hapo ndipo mvua iliponiogopesha. Ilikuwa ikipiga lile bati, nami nikawa nawaza mbao ya paini. Paini ikinywa unyevu inavimba. Kisanduku kikivimba, uso wake unainuka na kuzivuta nyuzi zaidi, bila mtu yeyote kushika ufunguo. Na waya ile ya zamani ya klachi ikiloa inashika kutu pale inapokunjwa kwenye msumari, ndani ya mkunjo, mahali ambapo jicho halioni. Yaani kila kisanduku nilichokitoa kilikuwa kinajikaza chenyewe, saa ile nilipokuwa nimekaa, katika nyumba sita, na kila kimoja kilikuwa na mtu anayekiinamia.

Nikapiga simu. Wanne walipokea. Niliwaambia wakifunike kwa blanketi zito, wakisukume chini ya kitanda, wasikiguse. Mmoja alifikiri ninatania. Wa tano simu yake aliipokea mume wake, akasema atamwambia. Wa sita, bibi wa Kisiba, hakupatikana kabisa.

Kesho yake sikwenda ibadani. Niliazima miwani ya kuchomelea kwa fundi vyuma, nikachukua ufunguo na blanketi, nikapanda bodaboda. Nilianza na Mpuguso kwa sababu ni karibu, kisha Suma. Kila nyumba nilifanya vilevile. Nilimwomba kila mtu atoke nje. Nilikifunika kisanduku, nikapiga magoti kando yake, nikaugeuza uso wangu kuelekea ukutani na kupapasa misumari chini ya blanketi, nikilegeza kila uzi nusu mzunguko tu, kwa zamu, kwa sababu ukilegeza mmoja kwa ghafla mwingine unabeba mzigo wake. Mikono ilinitoka jasho hadi ufunguo ukawa unateleza. Nimeshika misumeno ya umeme miaka mingi na sijawahi kuogopa mashine jinsi nilivyoogopa vile visanduku vya mbao nyepesi nilivyovipiga msasa kwa mkono wangu.

Katika nyumba ya pili ya Suma mume alinitazama kupitia dirishani, akauliza, "Ni bomu, fundi?"

"Hapana, shemeji. Ni tahadhari tu."

"Mbona umevaa miwani?"

Nikaliinamia tena blanketi.

Ilikuwa alasiri nilipofika Kisiba. Bodaboda aliniacha mahali utelezi ulipomshinda, nikapanda kwa miguu kati ya migomba. Kabla sijaiona nyumba nilikisikia kisanduku. Kilikuwa kinalia juu sana, juu kuliko nilivyokiacha, sauti kali ya kukata. Nikakimbia, nikateleza, nikaamka.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani kidogo ya kizingiti, akitumia mwanga wa nje, kisanduku mapajani, uso wake haukuzidi shubiri moja kutoka kwenye nyuzi. Kando yake kulikuwa na koleo. Nikaelewa kwamba amekuwa akizikaza mwenyewe.

Nilifungua mdomo kuita, nikaufunga. Nikimshtua ataruka, mkono utapiga kwa nguvu, na hiyo tu ingetosha. Nikasimama kwenye mvua hatua kumi kutoka mlangoni. Alikuwa anapiga utenzi ninaoujua, wenye beti nne, naye alikuwa kwenye ubeti wa pili. Alikuwa anaimba kwa Kinyakyusa, polepole, akibonyeza nyekundu, njano, nyekundu, bluu, bila kukosea. Mwanamke huyu hakuwahi kushika ala maishani mwake. Mwezi mmoja kabla aliniuliza kama kisanduku kinatumia betri. Sasa alikuwa anapiga vizuri kuliko mimi niliyekitengeneza, na kila mara kipande cha plastiki kilipopita juu ya nyuzi nilifumba macho yangu mwenyewe.

Ubeti wa tatu. Nikahesabu mapigo. Maji yalikuwa yananiingia shingoni. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayakuwa sala, nilirudia tu, bado kidogo, bado kidogo. Ubeti wa nne aliuimba mara mbili.

Alipomaliza aliinua kichwa, akaniona, akanisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, mwanangu. Mbona umesimama na mvua? Kalibu ndani."

"Ndaga, bibi. Naomba ukiweke chini. Taratibu. Usikipige tena."

Alikiweka. Nikavuka kizingiti, nikakitupia blanketi, nikaketi sakafuni. Nikamweleza yote: jicho la mwenzetu, Mbeya, kutu, mvua. Alisikiliza huku ameshika tama.

"Mimi nilikaza kwa sababu sauti ilikuwa inashuka kabla ya mvua hii," alisema. "Jilani akanipa koleo."

"Si kosa lako, bibi. Sikukufundisha."

Nikamwomba atoke nje. Alikataa, akasema ni nyumbani kwake, akasogea tu nyuma ya mlango. Nikavaa miwani, nikaanza. Uzi wa kwanza ulilegea, wa pili ukalegea. Wa tano ulikatika mkononi mwangu. Blanketi liliruka kama lina panya ndani, nami nikaanguka kwa nyuma, nikabaki nimelala pale nimeziba uso. Ilinichukua muda kuamini kwamba sikuumia. Nilitaka kutoka nje nisirudi. Zilikuwa zimebaki saba.

Bibi alikuja, akalikunjua blanketi kidogo. Uzi ulikuwa umechana sufi kama wembe. Akapitisha kidole juu ya mchano ule.

"Hiki ndicho kilichompata?"

"Ndiyo."

Kisha akakaa karibu yangu, akalishika blanketi kwa viganja vyote viwili na kulikandamiza juu ya kisanduku, akasema, "Haya, endelea." Sikuweza kumwondoa. Tulimaliza pamoja, yeye akiwa ametazama pembeni kama nilivyomwelekeza. Nilipobeba kisanduku kuondoka aliniuliza nitakirejesha lini. Nilimwambia sijui kama nitatengeneza tena.

"Mimi nimeuliza lini," alisema.

Mama mjane alirudi kutoka Mbeya baada ya majuma mawili. Jicho lilishonwa, halikutolewa. Linaona mwanga na mkono unaopita, herufi halioni. Nilikwenda kwake na kaka yangu mkubwa pamoja na mwalimu wa kwaya, kama ilivyo desturi mtu anapokwenda kuomba radhi. Wanawe wawili wa kiume walikuwepo, na nilikuwa nimejiandaa kwa lolote kutoka kwao, lakini walimwachia mama yao azungumze. Kaka yangu alizungumza kwa urefu, kwa heshima. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Nina hasira na wewe, sitakudanganya. Ulipokuwa unakaza kile chuma kililia. Ulisikia?"

Nilikuwa nimeomba siku zote hizo kwamba asiwepo mwingine aliyesikia.

"Nilisikia, mama."

"Mimi pia nilisikia. Nikasema moyoni, huyu ni fundi, anajua." Akarekebisha kitambaa juu ya jicho. "Basi. Radhi nimepokea. Hasira itatoka yenyewe, usiisukume."

Kaka yangu aliniambia njiani kwamba tumepokewa vizuri. Mimi nilitembea nyuma yake hadi tukafika barabara ya lami.

Nilianza upya kwa sababu ya swali la bibi wa Kisiba, na kwa sababu kutojua kama kisanduku kinaweza kuwa salama kulinitisha kuliko kujua. Waya niliacha kabisa. Nikatumia nailoni ya kuvulia samaki, ambayo ikikatika inalala tu kama kamba ya kiatu. Nailoni haitaki kukazwa sana, basi sauti ikashuka. Nikakiongeza kisanduku kina na kukiwekea mbavu ndani ili kisivimbe. Juu ya nyuzi, upande wa mchezaji, nikaweka ubao mwembamba uliolala kama paa, ili uso usiweze kufika. Misumari ya kukazia nikaifunika, mtu asiweze kuigusa kwa koleo.

Cha kwanza nilikipiga mwenyewe, kila siku, mwezi mzima wa mvua, bila miwani. Niliinama makusudi. Siku nyingine niliketi mbele yake nusu saa kabla ya kuthubutu. Mara mbili nilikata uzi kwa kisu nikiwa nimeinama hivyo hivyo, nione utakwenda wapi. Ulidondoka. Hata hivyo kila mara nilijikuta nimeuma meno hadi taya zinaniuma.

Mwalimu wa kwaya anasema vipya vina sauti ya mtu mwenye mafua. Ni kweli. Tulizishusha nyimbo zikafuata sauti yake. Bibi wa Kisiba alipelekewa cha kwake na hajalalamika, isipokuwa anadai kile cha zamani kilikuwa kinafika kwa jirani. Mama mjane anaimba, anakaa mwisho wa safu, upande wa mbali, hashiki kisanduku. Sijamwomba ashike.

Majuzi alikuja mgeni, mke wa mfanyabiashara mmoja aliyehamia mjini, hajui ala yoyote. Nilimkabidhi kisanduku, akakiweka mapajani akaniuliza aanze na rangi gani. Nikamwambia kabla ya rangi anyooshe mgongo, kichwa kikae mbali. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Alidhani nasikia baridi, akanishauri nivae sweta, kisha akabonyeza nyekundu.