Ndagala Waliong'aa Kupita Kiasi

Mimi ni mtu wa kurudia kazi. Nikifagia, nafagia tena. Kuandika nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuokota, na hata sentensi hii nimeifuta na kuiandika upya. Ndiyo maana mama alinipa mimi kazi ya kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Ziwa lilikuwa karibu kufungwa, yale majira ambayo wavuvi hawaruhusiwi kuingia majini ili samaki wazaliane. Waliokaushwa kabla ya hapo huruhusiwa kuuzwa. Wengi hapa Rumonge huwamwaga ndagala mchangani. Mimi niliwatandaza juu ya waya, nikawageuza kwa vidole, nikatoa kila aliyekatika kichwa, kisha nikawahifadhi mbali na moshi. Ziwa lilipokuwa limefungwa kwa wiki kadhaa, walikuwa bado weupe na wanang'aa. Gunia hilo lilikuwa mali yetu yote, na tukakodi taksi kulipeleka Bujumbura.

Kwenye barieri, kamba iliyokatiza barabara, polisi alimwomba mama kitambulisho chake, karangamuntu. Aliposikia Kiswahili chake cha Fizi, ng'ambo ya ziwa, aliacha kuisoma kadi akaenda nyuma kufungua gunia.

"Hizi zimevuliwa juzi," alisema.

Mama akamweleza kwamba ni za zamani, mtoto wake ndiye anayezitunza vizuri.

"Wewe mwenyewe ulivuka ziwa kwa kuibia, mama. Samaki zako nazo zitashindwaje?"

Mama ana miaka mingi hapa kuliko umri wa polisi yule. Nikaanza kueleza habari za waya, jua na moshi, na kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo nilivyosikika kama mwongo aliyejiandaa. Polisi akasema huyu binti anaongea kama redio. Akaamuru gunia lishushwe.

Hapo jipi jeupe likasimama nyuma yetu. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu, tajiri ambaye kila mtu humwita patroni. Polisi alishusha kamba kabla gari halijasimama. Magunia ya ndagala yalionekana wazi kwenye kioo cha nyuma, lakini hakuyatupia jicho. Patroni akauliza mama amefanya nini. Akaambiwa.

"Hiyo iko yangu," alisema. "Muipakie."

Polisi akalibeba yeye mwenyewe hadi kwenye jipi, akaomba samahani. Alimwomba yule mwanaume. Mama alikuwa amesimama pale pale.

Taksi yetu ikarudi, nasi tukapanda jipi: mama alikaa mbele, mimi nyuma na magunia. Nilijiuliza kwa nini ametusaidia mtu ambaye hajawahi kujibu salamu zetu. Nikaingiza vidole kwenye upenyo wa gunia lake moja. Ndagala walipinda bila kuvunjika. Walikuwa na unyevu, wameona jua la siku moja tu. Nilitaka kuamini nimekosea, nikajaribu gunia la pili. Ilikuwa vile vile.

Ndipo nilipoona letu lilipowekwa: juu ya yote, mdomo wazi, karibu na mlango.

Tulipofika Kabezi, kwenye barieri nyingine, polisi mwingine alifungua mlango huo. Patroni hakugeuka hata kidogo.

"Vunja mmoja, shefu."

Polisi akachukua ndagala wangu, akamvunja. Ndagala akalia kama kijiti kikavu. Polisi akatikisa kichwa kukubali, akafunga mlango, akatutakia amahoro, yaani amani. Kwenye barieri ya kwanza weupe wa ndagala wangu ulikuwa ushahidi wa wizi. Hapa ulikuwa ushahidi wa uaminifu wa mtu mwingine.

Tulipoondoka, patroni alinitazama kwenye kioo.

"Mikono yako iko mizuri, binti. Njoo uanike kwangu. Kila safari tutatanguliza zako."

Mama alicheka kidogo, cheko la mtu anayeogopa kwamba sitacheka. Alikuwa amekwisha kuelewa, au hakutaka kuelewa. Hadi leo sijamuuliza. Bujumbura bado ilikuwa mbele, na gunia letu lilikuwa kwenye gari lake, tayari limeitwa lake mbele ya polisi.

"Murakoze, patroni," nikamshukuru.